Daktari mmoja wa mtoto huko Marekani: nianze wapi kabla ya kuondoka Bukavu?

Kutoka: Mama wa Kadutu

Ndugu wapendwa,

Viza zetu zimetoka, na mwezi ujao nitavuka Rusizi pamoja na watoto watatu, tukapande ndege Kigali kwenda kwa baba yao aliyeko Marekani. Wakubwa wawili hawana shida. Kitinda mimba, mwenye miaka minne, ana SS, ule ugonjwa wa damu wa kurithi unaoleta maumivu makali, na tangu ulipojulikana amekuwa akihudumiwa na muuguzi yuleyule wa kituo chetu cha afya, ambaye kwa sauti ya kilio tu hutambua kama maumivu yameanza. Mume wangu ananiambia kwamba huko nitatakiwa kumchagulia mtoto kliniki moja itakayosimamia mambo yake yote. Je, kliniki hiyo ni sawa na kituo chetu? Na nibebe nini?

Kutoka: Yaya wa Bagira

Mama mpendwa, hongera kwa viza.

Kwa kusudio, vinafanana. Nyumbani eneo la afya lina kituo chake, kituo kina tituleri wake, yaani muuguzi mkuu, na juu yao kuna hospitali kuu ya rufaa ya zona ya afya. Mtoto akizidiwa hupelekwa kwa karatasi, na akirudi karatasi hurudi naye, walau ndivyo ilivyopangwa. Wamarekani walifikia wazo hilo kwa njia yao. Mwaka 1967 chama chao cha madaktari wa watoto, American Academy of Pediatrics, kilianza kuzungumzia “nyumba ya tiba”, na wakati ule kilimaanisha tu mahali pamoja pa kutunzia faili za watoto wenye maradhi ya kudumu, kwa kuwa kila bingwa alikuwa na faili lake asilomwonyesha mwenzake. Baadaye, katika matamko ya 1992 na 2002, jina hilo likapanuka, likawa linahusu watoto wote, na maana yake ikawa timu inayomjua mtoto tangu chanjo hadi ujana, inayounganisha mabingwa, hospitali na shule, na inayomhesabu mzazi kuwa mmoja wa waamuzi.

Tofauti ni kwamba nyumbani kituo chako unakijua kwa mtaa unaoishi. Huku Marekani usipochagua, bima inaweza kukuchagulia daktari usiyewahi kumwona, ukaja kulijua jina lake siku ya kuugua. Mimi niliuonja ujinga huo mwaka wetu wa kwanza. Kila mwanangu alipobanwa na kifua nilikimbilia chumba cha dharura, na kila mara nilikutana na daktari mwingine aliyeniuliza upya kuanzia mimba, akatoa dawa, akaniambia nikamwone “daktari wako”, ambaye sikuwa naye. Mara mbili tuliandikiwa dawa ileile kwa majina mawili tofauti, na nilizigundua mwenyewe mezani jikoni.

Kwa hiyo mwambie mume wako atafute kliniki sasa, kabla hamjafika, na aombe miadi ya kwanza ya watoto wote watatu mahali pamoja. Aulize mambo machache: kama kuna mtu anayepokea simu usiku, kama mtoto ataonwa na daktari yuleyule, na kama kuna mfanyakazi ambaye kazi yake ni kufuatilia miadi ya mabingwa. Kuhusu bima, majimbo mengi yamewaondolea watoto waliohamia kihalali sharti la kungoja miaka mitano ili kuingia Medicaid au CHIP, bima za serikali kwa familia zenye kipato kidogo. Na vipo vituo vya afya vya jamii vinavyofadhiliwa na serikali kuu ambavyo humpokea hata asiye na bima na kutoza kulingana na kipato.

Ya kubeba: kadi za chanjo zenyewe, si picha peke yake. Ziandikie tafsiri, maana huku hakuna anayejua kwamba VAR ni surua na VAA ni homa ya manjano. Tarehe uziandike kwa jina la mwezi. Ukiacha 04/07 watasoma Aprili 7, na chanjo ya Julai itaonekana ilitolewa mapema mno, ichomwe tena. Chanjo za tetekuwanga na matumbwitumbwi kadi haitakuwa nazo, na shule zitazidai. Usione kwamba nyumbani mlikosea.

Sasa kitinda mimba, ambaye ndiye aliyenifanya niandike kirefu. Watoto wanaozaliwa huku hupimwa SS siku za kwanza, kwa hiyo kliniki imezoea kuona jibu likija lenyewe. La mwanao halitakuja. Beba karatasi ya maabara, orodha ya damu aliyoongezewa na tarehe zake, na majina ya dawa. Daktari wa kliniki atampeleka kwa bingwa wa damu, na kati yao wawili wanatakiwa kukubaliana nani anasimamia penisilini ya kila siku, inayotolewa angalau hadi miaka mitano, nani anaandika haidroksiyurea, dawa ya kupunguza vipindi vya maumivu, na nani anaagiza ultrasaundi ya mishipa ya kichwa, ambayo mtoto wa SS hufanyiwa kila mwaka kuanzia miaka 2 hadi 16 ili kuona mapema hatari ya kiharusi. Waulize wewe mwenyewe, na uandike majibu.

Yale ya kilio pia yaseme. Muuguzi wenu na akuandikie nusu ukurasa: maumivu huanzaje, nini humtuliza, lini alilazwa. Omba mkalimani, sheria ya haki za raia ya 1964 inawafunga wote wanaopokea fedha za serikali kuu, na hulipi chochote. Usimtumie mtoto mkubwa kutafsiri. Taja kwamba unataka Kiswahili cha Kongo, maana mkalimani wa pwani akikutajia “selimundu”, ambayo ndiyo SS yetu, mtabaki mnatazamana.

Kutoka: Kaka wa Lubumbashi

Naafiki, ila naongeza tahadhari. Kuwa na kliniki si sababu ya kungoja miadi. Mtoto wa SS akifikisha homa ya nyuzi 38.5, ambayo kipimajoto cha huku, kinachopima kwa Farenhaiti, kitaandika 101.3, nenda hospitali saa hiyohiyo, huku ukiipigia kliniki njiani. Aidha, Yaya ameieleza timu hiyo kana kwamba itakutafuta. Yetu ni nzuri, lakini barua ya bingwa ilikaa wiki sita bila kusomwa hadi nilipopiga simu. Omba pia daktari aandikie shule barua: maji wakati wote, ruhusa ya kwenda chooni, na kutokaa kwenye baridi.

Kutoka: Mama wa Kadutu

Asanteni sana, Yaya na Kaka. Leo nimefika kituoni. Muuguzi ameijaza ile nusu ukurasa, ikawa kurasa mbili, kwa Kifaransa. Je, kuna mmoja wenu anayeweza kuitafsiri kabla ya tarehe 20?