Kusimamia klasta ukiwa ndani ya edita: Emacs, VS Code au ubaki na k9s ya terminali? Naombeni uzoefu

mkolani_dev
Wakuu habari za jioni. Niko Mwanza na timu ndogo, tuna klasta mbili za Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu ndani ya kontena kwenye seva), moja ya majaribio ni k3s, Kubernetes nyepesi, kwenye seva moja tu, nyingine ya wateja iko kwa mtoa huduma Ulaya. Mimi siku nzima niko ndani ya Emacs, afu kila nikitaka kuangalia podi (kontena za programu inayotembea) natoka naenda terminali, naita kubectl, amri ya kuongea na klasta: kubectl get pods, nakopi lile jina refu lenye mkia wa herufi, kubectl logs, naona kosa liko mstari gani, narudi kwenye edita nimeshasahau nilikuwa narekebisha nini. Nataka podi, logi na yaml (mafaili ya mipangilio) vikae sehemu moja. Shida ya pili ni mtandao, umeme ukikatika huku Mkolani nahamia hotspoti ya simu na bando linaisha haraka sana. Mnatumia nini?

binti_nyegezi
Mimi VS Code na ile ekstensheni ya Kubernetes ya Microsoft. Pembeni unapata mti wa klasta, nemspesi (sehemu za kugawa klasta), deploymenti (mpangilio unaozalisha podi), podi, unaklik kulia unafuata logi au unafungua port forward (kuleta poti ya podi kwenye laptop yako), yaml inafunguka kwenye tabu kama faili jingine lolote. Kwa mtu mpya kwenye timu hii ndio rahisi, nimemfundisha kijana wa fildi kwa mchana mmoja na kesho yake alikuwa anasoma logi mwenyewe. Ila kaka lazima kubectl iwepo kwenye mashine, ekstensheni inaitegemea hiyo hiyo. Na ukibadilisha klasta pale kwenye mti, inabadilika kwenye ~/.kube/config, faili ambalo kubectl inasoma kujua klasta ya kutumia, kwa hiyo hata terminali zako nyingine zimebadilika, weka hilo akilini.

rubani_kirumba
Kama uko Emacs tayari usihame. Kuna pakeji mbili, kubernetes-el na kubel, na nimezitumia zote kwa muda mrefu.

kubernetes-el imefanana na Magit (pakeji ya git ndani ya Emacs), ukiandika M-x kubernetes-overview unaona kila kitu kimekunjwa kwa sehemu, unafungua kwa TAB, nzuri sana kwa macho. Tatizo kwako ni bando. Yenyewe inaenda kuuliza klasta kila baada ya sekunde chache hata kama hugusi kitu, na klasta yenye podi nyingi majibu yake ni mazito. Dawa yake ni kuweka hivi:

(setq kubernetes-poll-frequency 3600
      kubernetes-redraw-frequency 3600)

afu unarifreshi mwenyewe kwa g ukihitaji. Bila hiyo, kwenye hotspoti utaona Emacs inasitasita unapoandika.

kubel ni jedwali tu la kawaida, haina urembo, inaita kubectl pale unapomwambia. Ukibonyeza Enter juu ya podi unapata yaml yake kwenye bafa, yaani ukurasa wa Emacs. Na kitu nilichokipendea, jina la bafa lina konteksti (klasta uliyochagua) na nemspesi, kwa hiyo macho yanaona uko klasta gani muda wote. Pia kuanzia Emacs 29 TRAMP (njia ya Emacs ya kufungua mafaili ya mbali) inaingia ndani ya podi moja kwa moja, C-x C-f /kubernetes:jina-la-podi:/etc/ unasoma faili la konfigi ndani ya kontena kama liko kwenye laptop yako. Kwa mtandao mdogo mimi nasema kubel.

ziwani_ops
Mimi niko upande wa k9s na sababu yangu ni ajali. Mwaka jana nilikuwa nimefungua klasta ya wateja kwenye edita nione podi moja inayojizima, nikaacha hivyo hivyo nikaenda kula. Narudi, terminali niliyoiacha wazi asubuhi ilikuwa ya majaribio, angalau kichwani kwangu, kumbe edita ilishaihamishia kwa wateja, nikaandika kubectl delete -f api.yaml nianze upya. Ilikuwa saa nane mchana, wauza samaki Mwaloni wanaingiza oda. Simu ya kwanza ilikuja kabla hata sijanyanyua mkono kwenye kibodi. Tulirudisha kwa kuapply (kupeleka yaml kwenye klasta) kutoka git, hifadhi yetu ya mafaili, lakini zile dakika sizisahau.

Tangu hapo klasta ya wateja naifungua kwa k9s --readonly, huwezi kudiliti wala kuedit hata ukitaka. Nayo inajirifreshi, kwa bando weka --refresh 30.

bukoba_nvim
Watu wa Neovim kuna kubectl.nvim, inafanya kazi vizuri, sina la kuongeza.

rubani_kirumba
@ziwani_ops pole sana mkuu. Hilo usilitegemeze kwenye programu peke yake. Tengeneza kubeconfig mbili tofauti (mafaili ya kuingilia klasta, kama lile ~/.kube/config), ya wateja iwe na rolu ya view, ya kusoma tu, ambayo Kubernetes inakuja nayo, hiyo haisomi hata Secrets (nywila na siri), na ile yenye nguvu unaiita kwa makusudi kwa export KUBECONFIG kwenye terminali moja unayoifunga ukimaliza. Edita yoyote ile, klasta yenyewe itakataa.

Na mkolani_dev, usizoee kurekebisha yaml ya deploymenti inayotembea kwa sababu tu imefunguka kwenye edita. Leo umepandisha memori mkononi tatizo limeisha, wiki ijayo mwenzako ana-apply toka git namba inarudi ya zamani na hakuna anayejua kwa nini. Fungua faili la git, kubectl diff -f kwanza uone kitakachobadilika, ndio uapply.

binti_nyegezi
Hapo kwenye diff nakuunga mkono kabisa, kwetu bila diff hakuna mtu anagusa.

mkolani_dev
Wabeja sana wadau. Narudi baada ya wiki. Nimechukua kubel, ila nimeinstoo Emacs kwenye seva ndogo iliyo kituo kimoja na klasta ya wateja, naingia kwa ssh (kutoka mbali) ndani ya tmux, inayoacha kazi ikiendelea hata nikikatika. Maongezi ya kubectl na klasta yanaishia kule kule, kwenye simu yangu yanapita maandishi tu. Jana umeme umekata saa mbili usiku katikati ya kufuata logi, laptop ilikuwa haina chaji ikazima. Asubuhi nimeingia, tmux attach, bafa ya logi iko pale pale na lile kosa nililokuwa nalitafuta limejitokeza saa tisa usiku. Kubeconfig ya view nayo tayari. Ya nguvu anayo mtu mmoja kwa zamu, wiki hii ni dada yetu wa Buzuruga.

ziwani_ops
Hiyo ya zamu naiiba.