Lenzi zipi nibebe Mji Mkongwe, siku nne, begi la mkononi tu?

Kipepeo_Arusha aliuliza:

Habari wakuu. Naenda Unguja siku nne, malazi ndani ya Mji Mkongwe. Sina mpango wa fukwe wala Jozani, ni picha za mjini tu: milango, vichochoro, soko la Darajani, Forodhani usiku na machweo yenye majahazi. Kamera ni Canon R8. Lenzi nilizonazo ni hizi:

RF 16mm f/2.8
RF 50mm f/1.8
RF 24-105mm f/4 L
RF 70-200mm f/2.8 L

Begi la mkononi lisizidi kilo 7, humo humo kuna nguo na laptopu. Tena sitaki kutembea na mzigo begani kutwa nzima. Ipi ibaki nyumbani? Je, nitafute 35mm kabla ya safari? Na filta ya UV, niweke kwenye zote?


Mzee_wa_Fremu:

Acha 70-200. Mkuu, pale shida yako haitakuwa kukosa urefu wa lenzi, itakuwa kukosa mahali pa kurudi nyuma.

Piga hesabu hii kabla ya kufunga begi. Kwa picha ya wima kwenye sensa kubwa kama ya R8, chukua umbali wako hadi kwenye kitu, zidisha kwa 36, gawa kwa milimita za lenzi. Unapata urefu wa kitu kitakachoingia kwenye picha. Sasa chukua kichochoro cha upana wa mita 2. Mgongo ukiugusa ukuta wa nyuma, kichwa chako na kamera vimeshakula kama sentimita 30, kwa hiyo una mita 1.7:

50mm: mita 1.2
35mm: mita 1.75
24mm: mita 2.55
16mm: mita 3.8

Mlango mkubwa wa Kizanzibari, ukihesabu fremu yake na nakshi ya juu, mara nyingi unapita mita mbili na nusu. Ndiyo kusema 24mm inaugusa tu, kisha inakata ile sehemu ya juu yenye maandishi au maua, na hiyo ndiyo uliyoifuata. 16mm inauchukua wote na kukuachia nafasi. Ina gramu 165 tu, haina sababu ya kubaki.

Ila 16mm ina masharti yake. Kwanza, usiiinue. Ukiielekeza juu kidogo tu, miimo ya mlango inalaliana kama inataka kuanguka kwa ndani. Washa mizani ya kielektroniki kwenye skrini, simamisha kamera wima kabisa, lenzi iwe kwenye kimo cha katikati ya mlango, halafu sakafu iliyozidi chini utaikata baadaye. Pili, sensa iwe sambamba na mlango. Ukisogea hatua moja pembeni bila kujua, upande mmoja unakuwa mrefu kuliko mwingine, na kulinyoosha hilo kwenye programu kunakula pikseli. Tatu, lenzi hii inapindisha mistari sana kwa asili yake, na kamera au programu ndiyo inayoinyoosha. Unyooshaji huo unakata kingo, kwa hiyo usijaze fremu hadi ukingoni, hasa ukifungua faili za RAW (faili ghafi za kamera) kwenye programu isiyoitambua lenzi yako. Nne, mtu asikae pembeni mwa fremu. Kichwa kinavutika kama embe. Mweke katikati au usimweke kabisa.

24-105 ndiyo itakayokaa kwenye kamera tangu asubuhi hadi machweo. Barabara ya Mizingani, Ngome Kongwe, Minara Miwili kutokea juu ya paa, soko la Darajani, yote inayamudu. Kwa nakshi na njumu za shaba hukaribia hadi sentimita 45, na kwa 105mm inakupa ukuzaji wa 0.24. Yaani fremu nzima inachukua kipande cha upana wa sentimita 15 hivi. Hiyo inatosha ua moja la mlango.

50mm ni ya usiku. Nawaachia wengine hiyo.

Uzito: R8 na betri yake gramu 461, 24-105 ni 700, 50 ni 160, 16 ni 165. Jumla 1,486. Ukiongeza 70-200 unavuka kilo mbili na nusu, na hujaweka chaja.


Tundu_Wazi:

Naunga mkono orodha ya Mzee, ila kwa Forodhani tuelewane: jua likishazama, 24-105 ibaki chumbani.

Sababu ni f/4: namba ya f ikiwa kubwa, mwanga unaoingia ni mdogo. Taa za pale zinamulika meza tu, nyuso za watu ziko nusu gizani, na mikono ya muuzaji haitulii hata sekunde. Unahitaji shata ya angalau 1/125 ya sekunde ili mkono unaogeuza mishikaki usiwe moshi. Tuseme kwa f/1.8 umepata picha kwa ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) 3200. Picha ile ile kwa f/4 inataka karibu ISO 16000. R8 itafika huko, lakini chenga zitaanza kula rangi ya ngozi. Kidhibiti mtikisiko cha 24-105 hakikusaidii hapo, maana kinatuliza mkono wako wewe, si wa muuzaji.

Tahadhari mbili za 50mm f/1.8. Ukisimama mita 2 kutoka kwa mtu, kina cha sehemu iliyo makini, yaani inayotoka wazi bila ukungu, ni kama sentimita 17. Mita 1, ni sentimita 4 tu. Uso ukiwa makini, sahani iliyo mbele yake haitakuwa. Ukitaka vyote viwili, rudi mita mbili na funga hadi f/2.8, unapata sentimita 27 hivi.

Ya pili ni taa. Umeme wetu ni hezi 50, na balbu nyingi za LED za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga 1/125 au zaidi utaona picha moja ya njano, inayofuata ya giza, au mistari myeusi imekatiza fremu. Washa kizuia mpepeso kwenye menyu ya kamera. Kisipotosha, shuka hadi 1/100, na kwa wanaosimama tuli 1/50. Na usitumie shata ya kielektroniki kamili usiku. Hiyo ndiyo inayozidisha mistari. Baki kwenye ile ya pazia la kwanza la kielektroniki (inaanza kielektroniki, inafunga kimakanika).

Mchana ni kinyume chake. R8 haina shata ya kimakanika kamili, na hiyo ya pazia la kwanza ikienda zaidi ya 1/2000 kwa f/1.8, vile viduara laini vya nyuma vinakatwa nusu. Mchana na 50mm, ama funga tundu kidogo, ama hamia kielektroniki kamili ikiwa hakuna taa wala kitu kinachokimbia.


Dau_la_Shangani:

Mimi nawapinga kidogo. Ameandika machweo yenye majahazi. Kwa 105mm jahazi litakuwa kama nzi ukutani. Na jua lenyewe, kwa 105 linachora duara la milimita 1 tu kwenye sensa, kwa 200 karibu milimita 1.9. Picha ya tanga limeingia ndani ya jua haipatikani kwa lenzi fupi. Apunguze nguo.


Mzee_wa_Fremu:

Dau, hesabu ya jua ni sahihi, ila tuimalize. Jahazi la mita 10 likiwa umbali wa mita 200: kwa 105mm fremu ya ulalo inachukua upana wa mita 68, kwa hiyo jahazi ni sehemu moja ya saba. Ni dogo, sikatai. Kwa 200mm fremu ni mita 36. Sasa weka R8 kwenye ukato wa 1.6 (inatumia sehemu ya kati ya sensa tu): 105 inaona kama 168, fremu inakuwa mita 43. Tofauti ya 43 na 36 utaifidia kwa kungoja chombo kisogee karibu kwa mita 33 hivi. Unabaki na megapikseli 9 hivi, na hizo zinachapa A4 kwa nukta 300 kwa inchi bila taabu.

Kama machweo ndiyo safari yenyewe, nakubaliana nawe, abebe 70-200 na aache 24-105. Lakini yeye ameyataja mwisho, baada ya milango na vichochoro. Gramu 1,070 kwa dakika ishirini za jioni ni ghali.

Dakika ishirini nazitaja kwa makusudi. Unguja jua huzama kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 50 jioni, kutegemea mwezi, na giza linaingia upesi. Saa 11 na nusu uwe umeshachagua mahali. Anza na f/8, 1/1000, ISO 200, pima mwanga kwenye anga pembeni mwa jua, tanga liwe jeusi. Mipangilio hiyo hiyo inawafaa vijana wanaojirusha baharini kutoka ukutani, ila usishuke chini ya 1/1000.


Shungi_na_Kamera:

Kaka Kipepeo, swali la UV wamelipita.

Usiweke kwenye zote. Weka kwenye 24-105 pekee (milimita 77), na ni kwa ajili ya chumvi ya baharini, hasa ukivuka kwa boti na kusimama nje. Jioni ivue. Usiku kila balbu inajirudia ndani ya kioo cha filta na kukuletea doa la kijani upande wa pili wa fremu. Watu wanalaumu lenzi bure. Kwa 50 na 16 kinga bora ni hudi, ile kofia ya mbele ya lenzi, maana inazuia kidole, ukuta na mwanga wa pembeni kwa pamoja. Ya 16 inauzwa peke yake, haimo ndani ya boksi.

Filta ya polaraiza ya 77 inafaa kuliko UV. Inaondoa mng'ao kwenye milango iliyopakwa mafuta au vanishi, na kwenye maji ya Forodhani adhuhuri. Inakula stopu moja hadi moja na nusu (kila stopu inapunguza mwanga kwa nusu), kwa hiyo si ya vichochoroni. Kwenye 16mm usihangaike nayo, anga inatoka na baka jeusi upande mmoja.

Jambo linaloharibu siku nzima pale ni kiyoyozi. Ukilala na chumba cha nyuzi 20 na asubuhi ukatoka na kamera mkononi, kioo kina baridi kuliko kiwango ambacho hewa ya nje huanza kutoa maji, kwa hiyo kinafunikwa na umande papo hapo. Kufuta hakusaidii, unarudi tena, na ukibadili lenzi wakati huo unaukaribisha hadi kwenye sensa. Usiku funga kamera na lenzi ndani ya mfuko wa nailoni wenye zipu pamoja na pakiti mbili za silika jeli. Nusu saa kabla ya kutoka, weka mfuko huo barazani au ukumbini pasipo na kiyoyozi, ukiwa bado umefungwa. Ukiufungua, umande unabaki nje ya mfuko. Mwanga mzuri wa vichochoroni ni saa 12 na nusu hadi saa 3 asubuhi. Ukipoteza dakika 40 za kusubiri kioo kikauke, umepoteza zaidi ya robo yake.

Na chumvi: pampu ya kupulizia kwanza, halafu kitambaa chenye unyevu kidogo, mwisho kikavu. Ukianza na kikavu unasugua chembe za chumvi kwenye kioo.


Kipepeo_Arusha:

Asanteni sana. 70-200 inabaki. Bado mawili: 35mm ninunue au la? Na lenzi nibadilishie wapi, maana nasikia Darajani kuna vumbi na Forodhani kuna moshi wa mkaa?


Tundu_Wazi:

35mm f/1.8 ni lenzi nzuri, ina kidhibiti mtikisiko ndani na inakaribia hadi nusu ya ukubwa halisi wa kitu. R8 haina kidhibiti ndani ya bodi, kwa hiyo kwa vitu vilivyotulia usiku ingekusaidia kuliko 50. Kama ungekuwa huna lenzi yoyote ya f/1.8 ningekwambia nunua. Kwa kuwa 50 unayo, fedha hiyo weka kwenye betri. LP-E17 ni ndogo, mAh 1,040 tu, na kioo cha kuchungulia kinaila haraka. Beba tatu, moja ikae mfukoni.


Shungi_na_Kamera:

Usibadilishie sokoni wala jikoni kwa watu. Panga siku kwa vipande: asubuhi vichochoroni na milango, toka na 24-105, 16 ikiwa mfukoni. Kanisa la Mkunazini ndani ni giza, hapo ndipo pa 16: f/2.8, 1/30, viwiko juu ya benchi, kwa sababu nayo haina kidhibiti. Rudi chumbani mchana, kwani jua la utosini linachoma kuta nyeupe na kuzamisha nyuso. Jioni baada ya jua kuzama, kabla hujaifikia meza ya kwanza ya Forodhani, weka 50 na usiitoe.

Ukilazimika kubadilisha njiani, kaa kwenye baraza, mgongo uupe upepo. Zima kamera. Legeza kifuniko cha nyuma cha lenzi inayoingia kabla hujatoa inayotoka. Mdomo wa kamera uangalie chini muda wote. Sekunde tano.

Na kwa picha za watu, kaka, uliza kwanza, hasa kina mama na walio misikitini. Kwa 50mm uko karibu, salamu inasikika. Mtu akisema hapana, ni hapana. Bandarini usitoe kamera bila kuuliza.


Dau_la_Shangani:

Basi nimeshindwa kwa 70-200. Ila jambo moja: Beit al-Ajaib iliporomoka sehemu yake Desemba 2020 na ikaingia kwenye ukarabati, kwa hiyo usipange picha ya uso wa jengo lile kabla hujaenda kuliona. Ukikuta mabomba na mabati, hamia Ngome Kongwe pembeni yake, kuta zile zinapendeza jua likiwa chini, na 24mm inatosha.


Mzee_wa_Fremu:

Kipepeo, ile hesabu ya 36 iandike kwenye karatasi uiweke ndani ya kifuniko cha begi. Kwa picha ya ulalo, upana ni hesabu ile ile, lakini urefu zidisha kwa 24 badala ya 36. Ukisimama mbele ya mlango utajua kabla ya kugusa zipu ni lenzi ipi.