Nimealikwa kuvua trauti juu ya barafu huku Minnesota, naomba mwongozo

Mtoto wa Ukerewe:
Wakuu, heshima zenu. Nipo Brooklyn Park, Minnesota. Rafiki yangu tunayefanya naye kazi ghalani, Mhmong (jamii yenye asili ya Asia) aliyekulia St. Paul, anataka twende mwishoni mwa Januari karibu na mji wa Crosby tukavue trauti ziwani, juu ya barafu. Uvuvi naujua. Nimezaliwa Ukerewe, sato na sangara nimewavua kwa mshipi tangu utotoni. Ila ziwa la kutembea juu yake kwa miguu sijawahi kuliona, na mke wangu hataki hata kusikia habari hiyo. Nitajuaje barafu inatubeba? Na trauti anakaa wapi kipindi hiki, chini kabisa au juu? Mwenye uzoefu anisaidie, nataka kwenda kwa kweli.

Mzee wa Gura:
Karibu sana, Ukerewe. Mimi ni mtu wa Nyeri, nimezeekea huku Duluth. Trauti nilianza kumvua mto Gura, ambako Waingereza walimpandikiza mwaka 1905, kwa hiyo samaki huyu ni wa kwetu kidogo.

Tuanze na hofu ya mke wako, maana ana haki. Barafu haikadiriwi kwa macho, inapimwa. Iliyo ngumu ni ile angavu, inayoonekana nyeusi kwa sababu unaona maji yaliyo chini yake. Idara ya Maliasili ya jimbo inasema kwa mtu anayetembea isipungue inchi 4, yaani sentimita 10. Ikiwa nyeupe, iliyochanganyika na theluji, nguvu yake ni kama nusu, hivyo dai unene mara mbili. Atangulie mmoja na mtaimbo, apige mbele yake kila hatua chache. Mtaimbo ukipenya kwa pigo moja, geukeni mrudi kwa nyayo zenu zilezile. Mkishaingia ndani kidogo toboeni kwa keekee mpime, kisha mpime tena mbele. Msiridhike na kipimo cha ukingoni.

Huko Crosby ongezeni tahadhari. Mengi ya maziwa yale yenye trauti ni mashimo ya machimbo ya chuma ya zamani, yaliyojaa maji baada ya kazi kusimama. Ni marefu mno kwenda chini, na maji ya kina kikubwa huchelewa kuganda. Ziwa la kawaida la jirani linaweza kuwa tayari limebeba watu na mahema huku barafu ya lile la mgodi bado ni nyembamba. Kuona wenzenu wamekaa ziwa jingine si ushahidi.

Sasa samaki. Wengi wanaokuja kwa mara ya kwanza hutoboa katikati, penye kina, wakidhani ndiko aliko. Trauti wa kupandikizwa huzunguka kando kando ya ufuko akitafuta wadudu. Tafuteni pale chini palipo tambarare kama rafu, kina cha futi 5 hadi 12, kabla ukuta wa shimo haujashuka ghafla, mtoboe matundu kadhaa kuufuata ufuko, halafu mtulie. Fikeni kabla hapajapambazuka, kelele zote za keekee ziishe mapema. Saa ya kwanza ya mwanga ndiyo yake.

Tumia mshipi mwembamba unaohimili pauni 4, ndoana ndogo yenye risasi kichwani na funza mmoja. Maji ya pale ni maangavu sana. Lala kifudifudi juu ya mkeka wa sponji, jifunike koti kichwani ili mwanga usiingie, uchungulie tunduni. Baada ya muda macho yanazoea, unaona mawe ya chini. Kisha trauti anapita, ubavu wake una mstari wa waridi, anasimama, anaitazama ndoana kwa upande mmoja, anaondoka. Usiivute juu kwa pupa. Itikise kidogo tu na mara nyingi atageuka arudi. Nimeshavua sana maishani na hakuna ninachokipenda kuliko hicho.

Binti Pangani:
Mimi ni muuguzi Minneapolis, naongezea ya usalama. Kila mmoja avae shingoni ile misumari miwili yenye vishikio. Ukitumbukia, geukia ulikotokea, maana barafu ya upande huo ilikubeba. Ichome kwa misumari huku ukipiga miguu kama unaogelea, na ukitoka usisimame, jiviringishe. Nguo za ndani ziwe za sufu. Pamba ikilowa inakuibia joto lote. Na mkiwasha hita ya gesi ndani ya hema acheni matundu ya hewa wazi. Hewa ya sumu ya hita inaua kimyakimya, sawa na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa.

Leseni unainunua mtandaoni, na kwa trauti unaongeza stempu yake, yaani kibali cha ziada, kama una miaka kati ya 18 na 64.

Mtoto wa Ukerewe:
Mungu awabariki. Nimemsomea mke wangu yote. Amekubali, kwa sharti kwamba nimtumie picha ya kipimo kabla sijakaa. Mzee, mawili ya mwisho: rafiki yangu anataka tubebe visamaki hai vya chambo na fimbo mbili kila mtu. Ni sawa? Na trauti anaparuzwa kama sato?

Mzee wa Gura:
Yote mawili hapana. Maziwa mengine unaruhusiwa fimbo mbili wakati wa barafu, lakini yale yaliyotengwa kwa trauti ni moja tu, na visamaki hai ni marufuku kabisa. Vikitoroka vikazaana vitamaliza chakula cha trauti. Mwambie aviache nyumbani, mchukue funza.

Kuparuza hakuna, magamba yake ni madogo mno. Mpasue tumbo papo hapo kabla hajaganda, toa matumbo, halafu pitisha ukucha wa dole gumba kwenye uti wa mgongo kwa ndani. Kuna damu nyeusi imeganda pale kama uzi mnene. Ikibaki inaleta uchungu. Msuuze kwa maji ya tunduni. Nyumbani ni chumvi, siagi, limau, upande wa ngozi uanze kugusa kikaango. Picha ya kipimo ututumie na sisi.