Bima wamekataa kulipia jino lililovunjika kwenye ajali, eti ni "urembo". Nifanyeje?

Mwalimu wa Ipagala

Habari za jioni ndugu zangu. Naombeni mawazo, hasa kwa mliowahi kuvutana na kampuni za bima.

Mwezi wa pili nilipanda bodaboda kutoka Ipagala kwenda sokoni Majengo. Njiani Noah ikakata kona bila indiketa, tukaivaa ubavuni. Dereva wangu alichubuka magoti tu. Mimi mdomo ulienda kugonga helmeti yake kwa nyuma, jino la mbele la juu likakatika katikati kama muhogo mkavu. Kile kipande nilikitemea kiganjani. Vumbi la Dodoma mnalijua wenyewe, nikawa natema damu na mchanga pamoja.

Polisi walinipa PF3 (fomu yao ya kwenda nayo kutibiwa), hospitali wakapiga eksirei, wakaliziba jino kwa ile dawa nyeupe. Bima ya kazini (nipo shule binafsi, tunakatwa kila mwezi) ililipa bila neno. Wiki ya saba zibo likabanduka. Jino likaanza kugeuka kijivu, na kwenye fizi kikatokea kijipu kinachopasuka na kurudi. Daktari wa meno akasema mshipa wa ndani umekufa, inabidi asafishe mzizi halafu alivalishe jino kofia. Jumla Sh 680,000.

Bima wakaleta barua ya mistari sita. Moja, jino linaloombewa matibabu halihusiani na ajali. Mbili, kofia ya jino ni huduma ya urembo, haimo kwenye mafao.

Urembo! Mimi nafundisha Kiswahili kidato cha kwanza na cha pili. Th na dh ni sauti za meno, f na v ni za mdomo na meno, ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ninavyofundisha. Sasa mtu anitamkie "thelathini" akiwa na nusu jino, hewa inatoka fyuu kama filimbi ya refa. Juzi nimesema "dhahabu" darasani, kijana mmoja wa nyuma akaniigiza, darasa zima likaangua kicheko. Nikacheka nao. Kisha nikaenda kulia stoo ya vitabu.

Nimepiga simu mara nne. Jibu ni lile lile: "Mwalimu, kwenye mfumo inaonyesha imekataliwa." Nipambane, au nijilipie tu yaishe?

Zabibu Kavu

Pole sana mwalimu. Hawa kwenye kupokea ni hodari, kwenye kutoa ndipo mfumo unapogoma. Mimi ningeng'oa nikaweka la bandia, maisha yaendelee.

Daktari Meno Dom

Mwalimu, tafadhali usimsikilize huyo hapo juu. Jino ambalo mzizi wake mzima haling'olewi kwa hasira za bima.

Jino likipigwa, mshipa wa ndani unaweza kukatikiwa damu siku ile ile, lakini ukafa taratibu. Rangi ya kijivu na usaha huja baada ya wiki kadhaa, wakati mwingine hata miezi. Kwa hiyo kuugua wiki ya saba si ajabu, na hakumaanishi lilikuwa bovu tangu zamani. Ile eksirei ya siku ya ajali ni dhahabu (samahani kwa kukutajia neno hilo). Kama inaonyesha mzizi safi na jino lisilotoboka, na ya sasa inaonyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi, daktari wako aziweke pamoja na aandike sentensi tatu kueleza uhusiano wake na ajali.

Kitu kingine ambacho watu hawakiangalii: soma NAMBA ya jino kwenye fomu ya madai. Sisi huandika tarakimu mbili. Ya kwanza ni pande nne za kinywa: 1 juu kulia, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia, kwa upande wa mgonjwa mwenyewe. Ya pili ni hesabu ya jino kuanzia katikati. Lako ni la kushoto au la kulia? Kama ni la kushoto basi ni 21. Nimeshaona madai yanakufa kwa sababu ya tarakimu.

Na kwa wengine mnaosoma: jino likitoka zima, lishike upande wa kichwa, usiguse mzizi, usilisugue. Litie kwenye maziwa baridi ukimbie kliniki, ndani ya saa moja kama inawezekana. Msilifunge kwenye leso likakauka.

Makabrasha

Nimekaa dawati la madai miaka tisa kabla sijarudi Kongwa kulima alizeti, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Simu achana nazo. Andika barua ya kuomba dai lipitiwe upya, ipeleke kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Hasira iache nyumbani. Waulize wametumia kipengele gani cha mkataba, maana "haimo kwenye mafao" ni maneno ya mtu, si kipengele. Mwenye mkataba ni mwajiri, wewe una kadi na kijitabu tu. Nenda kwa mhasibu wa shule, omba usome hati yenyewe, tafuta neno urembo. Mikataba mingi niliyoshika mimi ilitenga urembo, halafu ikaongeza mstari mdogo unaorudisha matibabu yaliyolazimu kwa sababu ya ajali. Watu hawafiki kwenye huo mstari.

Wakikataa tena, wakatae kwa maandishi. Hiyo barua ndiyo tiketi yako ya kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa kwa Sheria ya Bima ya 2009. Hutozwi kitu, lakini atakuuliza kwanza kama ulishamalizana na kampuni. TIRA, yaani mamlaka inayosimamia kampuni za bima, nao makao makuu yako hapo hapo Dodoma kwenu, si lazima upande basi.

Mkulima wa Hombolo

Mbukwa mwalimu. Mbona hakuna anayemuuliza mwenye Noah? Gari barabarani lazima liwe na bima ya mtu wa tatu, na hiyo inahusu majeraha ya watu, si mabati tu.

Mwalimu wa Ipagala

Ndugu zangu, narudi na mrejesho baada ya wiki tatu.

Daktari Meno, Mungu akuzidishie. Nimekwenda kliniki, nikaomba fomu, nikaisoma nimesimama pale kaunta. Jino langu ni la kushoto. Ripoti ya siku ya ajali imeandikwa 21. Fomu ya madai imeandikwa 12! Yaani jino la kulia, la pili, zima kabisa, halijawahi hata kuniuma. Binti wa mapokezi alishika mdomo. Daktari akarekebisha, akagonga muhuri, akaambatanisha eksirei zote mbili.

Mkataba tuliupata kwenye droo ya mhasibu chini ya rimu za karatasi za mtihani. Mstari wa Makabrasha upo, neno kwa neno karibu. Kwenye barua niliweka aya nzima kuhusu th na dh. Mhasibu alitaka niifute, eti inachekesha. Sikuifuta.

Kusafisha mzizi wamekubali baada ya siku 8, na kazi imeshafanyika. Kofia bado iko kwa daktari mshauri wao. Namba ya ile Noah ninayo kwenye ripoti ya polisi, nimeiangalia TIRAMIS, ule mfumo wa TIRA wa mtandaoni wa kuhakiki bima, siku ile bima yake ilikuwa hai. Swali: naruhusiwa kuwadai wote wawili?

Makabrasha

Kitu kimoja hakilipwi mara mbili. Walicholipa bima yako usikidai kwa mwenye Noah. Ila kile walichokataa, maumivu yenyewe, na nauli zako za kwenda na kurudi kliniki, hivyo peleka kwa bima ya Noah pamoja na ripoti ya polisi na nakala ya PF3. Risiti za nauli unazo?

Mwalimu wa Ipagala

Bodaboda gani wa Dodoma anatoa risiti, kaka?

Makabrasha

Basi andika kwenye daftari: tarehe, kutoka wapi, kwenda wapi, shilingi ngapi, na namba ya simu ya dereva. Anza na ya leo.