Mrejesho: domeni ya sabuni zangu na barua ya wakili

Wakuu, niliuliza nifanyeje baada ya kampuni moja kuniandikia kupitia wakili kwamba domeni (anwani ya tovuti) ya sabuni zangu inafanana na alama yao ya biashara. Asanteni sana, hasa mlionisisitiza nianzie BRELA (wakala wa serikali unaosajili biashara na alama za biashara Tanzania Bara) kabla ya kujibu chochote. Kweli, alama yao imesajiliwa, tena katika daraja la 3 la bidhaa, humo humo zilimo sabuni. Nimeiachia domeni, nao wamelifunga suala.

Jina jipya nimelipekua BRELA kwanza, ndipo nikalipia .co.tz na kuliombea usajili wa alama ya biashara. Ada ya domeni ya zamani haikurudi, na .com ya jina jipya ina mwenyewe tayari.

Mnaouza hadi Zanzibar, usajili wa BRELA hauvuki bahari: kule ni BPRA, wakala wa usajili wa Zanzibar, maombi mengine, ada nyingine. Hayo bado nayaandaa.