HUYU BABA ALIYETUPELEKA MELINI AFUNGIWE MLANGO KWENYE KILA SHEREHE YA HOUSTON

ShangaziWaKaty

Wakuu, naandika mguu ukiwa juu ya mito na hasira zikiwa juu ya paa. Sitaji jina. Hakuna haja. Ukiishi Houston, Katy, Sugar Land, mpaka Dallas kule, unamjua. Yule mwenye kofia ya nahodha ambaye hata kasia la ngalawa hajawahi kulishika. Yule MC wa kujipachika. Huyo huyo.

Basi, safari ya meli ya kitalii kutoka Galveston, Watanzania na Wakenya tumejaa, Cozumel, Roatán, halafu nyumbani. Wakati wa kulipa nilimuuliza mbele za watu, kwenye kipaimara: kaka, na bima je? Akacheka mpaka kofia ikadondoka. "Bima ya nini dada? Meli ina daktari, ina kanisa, ina kasino. Hiyo hela ya bima kale kamba." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mashahidi mmo humu, msijifiche.

Tumetoka Roatán, nikateleza kwenye ngazi za bwawa la kuogelea. Kifundo kikalia kah! Mguu ukavimba kama fenesi. Nawekwa kwenye kiti cha magurudumu, napitishwa katikati ya ukumbi wa chakula, sijui kwa nini walipita huko, nadhani walitaka na wapishi waage mwili. Na nani anasimama mbele yangu? Yeye. Kofia kichwani. Sahani ya kamba mkononi. Anatafuna. Anameza KWANZA. Halafu anasema kwa sauti ile ya kuendesha harambee:

"Si nilikwambia ununue bima?"

SI. NILIKWAMBIA. UNUNUE. BIMA.

Wakuu, na sahani ya kamba!

Zahanati ya melini ni eksirei, hogo, vidonge, na karatasi ya kusaini. Nikatoa kadi ya bima ya kazini. Nesi akanitazama kwa huruma: hapa hatupokei, bili inaingia kwenye kadi ya chumba, ukirudi kwenu udai mwenyewe. Kadi ya chumba ndiyo hiyo ninayofungulia mlango na kununulia soda! Bili imekaa humo kati ya soda na picha niliyopiga na pomboo. Hela ile ningezungushia ukuta kiwanja cha Kibaha na ya geti ikabaki.

Ila bili si tatizo. Bili nitalipa mpaka nizeeke. Mimi naumia na kile kitendo cha kumeza. Mtu anayemeza kwanza amepanga anachokuja kusema.

Sasa leo asubuhi nafungua kundi la WhatsApp, kaandika: "Ndugu wasafiri wa mwakani, tukumbushane umuhimu wa bima." Chini yake picha. YA MGUU WANGU. Na kwenye kona ya picha, ukivuta karibu, mkia wa kamba.

Mzee_wa_Benchi

Nimekaa siti ya mbele. Mleta uzi, tuwekee hiyo picha.

ShangaziWaKaty

Muombe yeye, anayo.

Dogo_Beaumont

Alikupiga kamba, akala kamba. Huyu mzee ni hatari.

Nesi_Dallas

Pole sana shangazi. Ila tuambiane ukweli, bima nyingi za kazini ukishatoka nje ya Marekani zinalipa kidogo au hazilipi kabisa, na hizo meli nyingi zimeandikishwa Bahamas au Panama hata kama zinaanzia Texas. Wenye wazazi walio kwenye Medicare, ile bima ya serikali ya Marekani hasa ya wazee, ndiyo muwe macho: meli ikishakuwa zaidi ya saa 6 kutoka bandari ya Marekani, Medicare hailipi daktari wa melini. Na hogo ni jambo dogo. Mtu akipata kiharusi huko, kumrudisha kwa ndege ya wagonjwa ni makumi ya maelfu ya dola. Halafu msingoje wiki ya safari. Mwenye sukari au presha, kampuni nyingi zinataka anunue ndani ya siku 14 mpaka 21 tangu alipe kianzio, la sivyo ugonjwa aliokuwa nao hawaugusi. Ile bima ya kufuta safari kwa sababu yoyote nayo hivyo hivyo, na kwa kawaida inarudisha kama asilimia 75, si hela yote.

ShangaziWaKaty

Asante mdogo wangu. Lakini sehemu ya sahani umeisoma?

Nesi_Dallas

Nimeisoma shangazi.

Mtani_Mgumu

Shangazi, mtu mzima unakimbilia wapi kwenye ngazi zenye maji? Tuambie kwanza ulivaa nini mguuni.

ShangaziWaKaty

Ndala. Ndala zina kosa gani? Kamuulize yeye kwa nini alimeza kwanza.

Mtani_Mgumu

Ndala. Haya, tumeelewa wote.

Dogo_Beaumont

Mimi nilikuwa pale ukumbini. Alimeza kweli. Ila shangazi hajasema kwamba alimrushia mtungi wa chumvi.

ShangaziWaKaty

Haukumpata.

Omwami_Minnesota

Wueh, auntie pole. Huyo mzee mimi namjua, alitupeleka Niagara na basi halina choo. Mimi hapo nilikuwa nimenunua bima, tena ile ya bei. Kurudi nikaitisha pesa yangu, wakaniambia kukosa choo si dharura. Si dharura! Kutoka Minnesota! Nikawauliza kwani kwenu dharura huanzia wapi. Mpaka leo hawajajibu.

BibiHarusi_Hamburg

Nyie mnalalamika hamkununua. Sisi tumenunua mara mbili! Mume wangu ni Mjerumani, ana bima ya safari ya mwaka mzima, karatasi zake kazipanga kwenye faili kwa rangi. Tunaenda Zanzibar, tunaambiwa mgeni lazima akate ya huko huko, dola 44, ndiyo sheria tangu Oktoba 2024. Nikauliza, sasa akiumwa analipwa na ipi? Mume akaumwa na nyuki Paje, mama mwenye nyumba akampaka ndimu, bure, na chai juu.

Mpemba_Muscat

Dada, hiyo dola 44 ni ya siku 92. Usiseme nusu ukaacha nusu. Ungekaa hizo siku zote ungeiona rahisi.

BibiHarusi_Hamburg

Likizo ya siku 92 wewe umeiona kwa mwajiri gani?

Mpemba_Muscat

Hilo si kosa la Zanzibar.

Mzee_wa_Benchi

Kuumia si hoja wakuu, hoja ni kuachwa. Machi 2024 abiria 8 wa meli ya kitalii walichelewa matembezini São Tomé, nahodha akakataa kuwapandisha, na meli wanaiona hapo nje inaelea. Wakaifukuza mpaka Gambia, ikashindwa kufunga bandarini kwa sababu maji yalikuwa ya kupwa. Wameipandia Dakar! Wazee, na mjamzito mmoja. Sasa hapo bima gani?

Dogo_Beaumont

Bima ya kuzubaa sijaiona sokoni.

Mtani_Mgumu

Wangekuwa watu wa Mbagala wangeshazoea. Kuachwa na gari saa kumi na moja jioni ni kila siku, na hatuletewi uzi.

ShangaziWaKaty

Jamani, turudi kwenye kamba.

Mtani_Mgumu

Na dirishani tunaingilia sisi. São Tomé hawana dirisha?

Kijana_wa_Rangi3

Nani kaitukana Mbagala? Mbagala ina maghorofa siku hizi. Mtani wewe kwenu Kimara mnangoja maji ya bomba mpaka mjumbe anakuja kuwafariji.

Mtani_Mgumu

Maji Kimara yapo. Njoo na ndoo.

Omwami_Minnesota

Kwani Mbagala ni mbali na hiyo Kibaha ya auntie? Nataka kununua plot.

Kijana_wa_Rangi3

Njoo inbox. Ila hela ya dalali tangulia nayo.

ShangaziWaKaty

Amenipigia sasa hivi. Anasema nifute uzi, mwakani ananipa chumba chenye dirisha.

Mama_Sugarland

Samahani kwa kuingilia, kuna anayetoka Dar kuja Houston mwezi huu mwenye nafasi ya kilo mbili kwenye begi?

Dogo_Beaumont

Mama mdogo anakuja. Kilo mbili za nini?

Mama_Sugarland

Vitu vya kawaida tu mwanangu.

Dogo_Beaumont

Kama ni dagaa habebi.