Mjadala: Zanzibar ipeleke timu yake Michezo ya Jumuiya ya Madola, au tubaki na msafara mmoja?

Mleta mada, Mwanga

Wakuu, salamu kutoka mwisho wa reli, Kigoma.

Jana kwa muuza kahawa hapa Mwanga ubishi ulianzia mbali kabisa na Zanzibar. Mzee mmoja alisema Niue ina medali ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Tukacheka, mmoja wetu akauliza kama hiyo Niue ni sabuni. Kumbe ni kisiwa cha Pasifiki chenye watu wasiofika 2,000, na mwaka 2022 kule Birmingham bondia wao, Duken Tutakitoa-Williams, aliondoka na shaba ya uzito mkubwa. Watu wasiofika elfu mbili! Msimu wa giza, boti za dagaa zikirudi mwalo wa Kibirizi asubuhi, nadhani pale peke yake tunakaribia idadi hiyo.

Tukaendelea kuchimba. Norfolk, kisiwa kilicho chini ya Australia, kina watu 2,000 na kidogo. Kina shaba mbili, ya 1994 na ya 2018, zote za ule mchezo wa wazee wa kuviringisha mipira kwenye nyasi. Visiwa vidogo vilivyo chini ya Mfalme wa Uingereza navyo vimo: Jersey wana timu. Guernsey wana timu. Kisiwa cha Man wana timu.

Sasa njoo nyumbani. Zanzibar kwa sensa ya 2022 ina watu 1,889,773. Ina Rais, ina Baraza la Wawakilishi, ina bendera yake tangu 2005, ina wizara inayoshughulikia michezo, na michezo yenyewe haimo kwenye orodha ya mambo ya Muungano. Lakini ikifika siku ya kuingia uwanjani, kijana wa Makunduchi anapita nyuma ya bango la Tanzania au hapiti kabisa.

Msimamo wangu: waacheni waende peke yao. Olimpiki tuisahau, maana tangu 1996 kule wanatambua kamati mpya za nchi huru tu. Bermuda, Guam na Puerto Rico, visiwa ambavyo si nchi huru, waliwahi kabla mlango haujafungwa, ndiyo maana Flora Duffy aliweza kuipa Bermuda dhahabu ya triathloni kwenye michezo ya Tokyo. Madola ni habari nyingine. Kule Uingereza yenyewe inaingia vipande vipande: England, Scotland, Wales, Ireland ya Kaskazini. Kama mwenye nyumba kagawa vyumba, mpangaji anaogopa nini?

Naomba kuwasilisha.

Mwana wa Katonga

Mleta mada, Mkoa wa Kigoma una watu 2,470,967 kwa sensa hiyo hiyo. Tunawazidi Zanzibar kwa zaidi ya laki tano na nusu. Na sisi lini tunapewa bango letu? 😂

Mpemba wa Kibirizi

Kaka Katonga, hapa hatuhesabu vichwa. Kigoma haijawahi kuwa na timu ya taifa. Sisi tunayo, na imecheza, na imeshinda.

Miye nina mwaka wa kumi na moja nauza nguo hapa Kigoma, lakini moyo uko Wete. Zanzibar Heroes walichukua Kombe la Chalenji mwaka 1995. Mwaka 2017 walifika fainali Kenya, wakatolewa kwa penalti na wenyeji. Januari 2025, Kombe la Mapinduzi, fainali pale Gombani, tukawafunga Burkina Faso 2-1. Gombani, Pemba! Nilipiga simu nyumbani, hakuna aliyenisikia kwa makelele.

Lakini ngoja niwaambie kinachouma. Machi 2017 Shirikisho la Soka la Afrika (CAF) lilitupokea uanachama kamili. Siku ile nilifunga duka saa tano asubuhi, wateja wakadhani nimefiwa. Nikanunua soda kwa kila aliyepita, hata kwa mgambo. Julai wakatufuta. Sababu yao: nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Miezi minne tu, wallahi, hata tende haiivi.

Kwa hiyo nakuunga mkono, ila usiniambie ni jambo jepesi. Tushawahi kuvishwa shela tukaachwa ukumbini.

Mwalimu wa michezo, Kasulu

Nimesoma yote. Mimi napinga, na nitasema kwa urefu kwa sababu jambo hili nalijua kwa miguu yangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na binti hapa shuleni, mkimbiaji wa mita 1,500. Alikuwa anatoka nyumbani kwao mlimani anakuja shule mbio na daftari mkononi, hajui kwamba hayo ni mazoezi. Kwenye mashindano ya shule aliwaacha wenzake mzunguko mzima. Nikaambiwa kuna mchujo Dar. Tulichanga, walimu na wazazi, mmoja alitoa debe la maharage tukaliuza. Tukapanda treni daraja la tatu, zaidi ya kilomita 1,200, binti amekaa juu ya begi lake. Tulipofika tukaambiwa mchujo ulishafanyika siku tatu nyuma, tarehe ilibadilishwa ikawahishwa, "tulitangaza kwenye kundi". Kundi gani? Simu yangu ya wakati ule ilikuwa ya kitochi.

Aliolewa mwaka uliofuata. Sina zaidi la kusema juu ya hilo.

Sasa mleta mada anataka Zanzibar ipate bango lake. Sawa, ikipata, nani atakuwa amemsaidia binti wa Kasulu? Na nani atakuwa amemsaidia wa Micheweni, kule Pemba? Ofisi itahamia Unguja mjini, na wa Micheweni atakosa taarifa ya mchujo kama tulivyoikosa sisi. Ugonjwa ni mchujo unaotangazwa kwa watu wanaojuana. Ukikata msafara mmoja vipande viwili unapata misafara miwili yenye viongozi wengi kuliko wanamichezo.

Halafu tuangalie medali tunazipata wapi. Birmingham 2022 Tanzania ilipata tatu: fedha ya Alphonce Simbu kwenye marathoni, na shaba mbili za ngumi za Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe. Huyo Simbu ndiye aliyekuja kutwaa dhahabu ya dunia Tokyo mwaka 2025, kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde. Programu ya Madola ya Glasgow 2026 ikapunguzwa hadi michezo 10, na marathoni haimo. Hata mita 1,500, mbio ambazo Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia Christchurch mwaka 1974, imewekwa maili moja badala yake. Karamu yenyewe inapungua sahani, ninyi mnagombania viti.

Mleta mada, Mwanga

Mwalimu, shikamoo. Habari ya binti imenigusa, na hapo sina ubishi.

Lakini hesabu yako ya medali naikataa. Mtakatifu Helena ni kisiwa katikati ya Atlantiki, watu elfu nne na kidogo. Kabla ya ndege za abiria kuanza mwaka 2017 walikuwa wanatoka kwa meli, siku kama tano hadi Cape Town, ndipo watafute ndege. Walikwenda Madola mara ya kwanza Brisbane 1982 na hawajawahi kuleta hata shaba. Mbona hawajaacha? Kwa sababu kijana wa pale anajua kwamba akiwa wa kwanza kisiwani, atakwenda. Hasubiri kuwa wa kwanza kati ya watu milioni 61.

(Kisiwa hicho kina historia na Zanzibar, kwa taarifa yenu. Sayyid Khalid bin Barghash, yule wa vita ya dakika thelathini na kitu mwaka 1896, Waingereza walipomkamata wakati wa Vita ya Kwanza walimhamishia huko na Shelisheli. Alifia Mombasa 1927. Nimetoka nje ya mada, nisameheni.)

Msomi wa kijiweni

Mnazungumza kana kwamba mlango uko London. Uko hapa hapa.

Mleta mada ametaja Norfolk bila kumalizia hadithi. Mwaka 2015 Australia ililifuta bunge la kisiwa kile. Miaka mitatu baadaye, bila bunge, wakapata shaba kama Norfolk. Kwa hiyo hoja ya "Zanzibar ina Rais na Baraza" haibebi uzito mnaoupa. Norfolk wanapita kwa sababu waliingia zamani na kaka yao mkubwa hajawawekea mguu mlangoni. Zanzibar haijawahi kuingia, na kaka yake anakaa kiti kimoja kwa jina la wote wawili. Kamati ya Olimpiki ya Tanzania ndiyo inayopeleka timu Madola pia. Je, iko tayari kusema "mimi ni wa bara tu"? Ikisema hivyo Madola, kwenye Olimpiki itasemaje?

CAF 2017 ilikuwa somo. Anayetaka timu ya visiwani aanze kubisha hodi Dodoma.

Mpemba wa Kibirizi

Na Dodoma ukibisha hodi unaulizwa umetumwa na nani. Hilo nalo tulijue.

Binti Ujiji

Samahanini wakubwa, mimi nauza mawese, siyo msomi wa michezo, ila mbona wote mnatazama Uingereza? Kuna Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi. Ilianza Réunion mwaka 1979. Wanaoshiriki ni Komoro, Madagaska, Morisi, Maldivi, Shelisheli, Réunion na Mayotte. Hao wawili wa mwisho siyo nchi, ni Ufaransa hiyo. Zanzibar iko kwenye bahari ile ile, ina watu wengi kuliko Shelisheli, Komoro au Maldivi, na haimo.

Pale hakuna haja ya Tanzania kuachia kiti, kwa sababu Tanzania haina kiti. Msomi, kaka yako mkubwa hapo anapoteza nini?

Msomi wa kijiweni

Dada, umenishika. Ila kumbuka 2015, michezo ikiwa Réunion. Mayotte walipita na bendera ya Ufaransa kwenye ufunguzi, wakati makubaliano yalikuwa wapite na bendera ya michezo. Komoro, wanaosema Mayotte ni kisiwa chao, wakafungasha wakarudi nyumbani. Bendera huwa ndogo mpaka siku ya kupita nayo.

Binti Ujiji

Bendera ya Zanzibar ina ya Tanzania kwenye kona ya juu. Wapite nayo hiyo. Nani atafungasha?

Mpemba wa Kibirizi

Mdogo wangu, Mungu akuzidishie mawese. Bibi mzaa mama ni Mngazija. Nikisikia Zanzibar inacheza na Komoro uwanja mmoja, nusu ya ukoo itakaa kule, nusu huku, na ugomvi utaishia kwenye harusi. Hii naitaka kuliko Glasgow, kule tungekwenda kutetemeka kwa baridi tu.

Mwana wa Katonga

Basi na sisi tuanzishe Michezo ya Ziwa Tanganyika. Sisi, Burundi, Kongo, Zambia. Mbio za mitumbwi, kuogelea, na kubeba gunia la dagaa mita mia.

Mleta mada, Mwanga

Katonga, usicheke, hiyo ni hoja kamili, ila fungua mada yako 😅

Nakubali kurudi hatua moja. Nilianza na Madola, Msomi kanionyesha tatizo la kiti, na dada wa Ujiji kaleta njia yenye vikwazo vichache. Kwa Bahari ya Hindi nabaki pale pale: waende peke yao, na waende mapema. Kwa Madola bado naona ingefaa, lakini sitaipigania leo.

Mwalimu bado hujasema. Ukipinga Madola, je, hii ya Bahari ya Hindi unapinga pia?

Mwalimu wa michezo, Kasulu

Marahaba, kijana wangu.

Hii sipingi. Bahari ni yao, na hakuna mtoto wa bara anayenyang'anywa nafasi. Waende, na nitawashangilia, hasa wakikutana na Morisi kwenye riadha.

Lakini swali langu la kwanza halijajibiwa na yeyote humu, hata na wewe uliyesema huna ubishi. Nina mvulana wa kidato cha pili sasa, mita 800, miguu kama ya korongo. Kama kuna kiongozi wa riadha anasoma hapa, wa bara au wa visiwani, aandike tarehe ya mchujo ujao hapa hapa, wazi, na isisogezwe. Nauli nimeshaanza kuiweka. Treni ina siku zake, haiji kila ukiihitaji, nami nataka tufike siku mbili kabla alale apumzike.